Mkaguzi wa bima kaniachia mambo 17 ya kurekebisha godauni. Nianze na lipi?

Ndugu Mshauri,

Nauza magodoro ya sponji, mablanketi na vitambaa vya sofa. Duka liko Kariakoo, mzigo mkubwa uko kwenye godauni la kupanga Vingunguti, mita 20 kwa 30, kuta za tofali na paa la bati. Kona ya nyuma ya godauni hilohilo nina cherehani sita za kushonea makava ya magodoro. Magodoro tumeyapanga hadi karibu na bati, maana kodi ni kubwa na nafasi haitoshi.

Mwaka huu nilipandisha bima ya moto ya mzigo kutoka shilingi milioni 400 hadi milioni 900. Kampuni ikamtuma mkaguzi. Alikuja na kamera ya kupimia joto, akapiga picha, akafungua paneli ya umeme, akakaa na mlinzi nusu saa akimuuliza maswali. Baada ya wiki mbili nikaletewa ripoti yenye mambo 17. Matano yameandikwa "ndani ya siku 30", mengine "ndani ya siku 90", yaliyobaki "yanapendekezwa". Wanataka nitenge umeme wa usiku, nibadilishe taa, nipunguze kimo cha mzigo, nihamishe cherehani, nimtoe mlinzi ndani, niwe na kibali cha kuchomelea, nifunge vigundua moshi, nijenge ukuta wa kugawa godauni, niweke mzigo kwenye chaga, nitunze kumbukumbu nje ya godauni, na kadhalika.

Ada nalipa kila mwaka na sijawahi kudai. Jirani yangu wa godauni anasema ripoti hizi ni mtego: ukishaipokea, siku ya moto wanakuonyesha jambo moja ambalo hukulifanya na fidia inayeyuka. Nina milioni 8 tu za kutumia hadi Desemba. Nikizidisha hapo nitakosa hela ya mzigo wa Januari, wanafunzi wakienda bweni. Nianze na lipi? Yale nisiyoyaweza niyanyamazie? Na nikiyatimiza, ada itapungua?

Mwenye Godauni, Vingunguti

JIBU

Dada,

Jirani yako amesema nusu ya ukweli. Ripoti hiyo inaweza kukuumiza ukiinyamazia. Ukiijibu, inakuwa kinga yako, kwa hiyo usiifungie kwenye droo.

Weka hati ya bima na ripoti mezani, uzisome pamoja. Jambo lililoandikwa ndani ya hati yenyewe au viambatisho vyake kwa maneno kama "ni sharti la bima hii kwamba" ni sharti, na ukilivunja unaipa kampuni msingi wa kukataa madai yako. Jambo lililo kwenye ripoti peke yake ni ushauri, mpaka kampuni iliingize kwenye hati. Yale matano ya siku 30 yanaweza kuwa upande wowote, kwa hiyo mwandikie wakala au dalali wako leo: "Yapi kati ya mambo haya ni masharti ya bima, na je, kinga yangu inaendelea kikamilifu wakati nayatekeleza?" Usikubali kujibiwa kwa simu. Taka barua pepe au barua yenye mhuri, uihifadhi pamoja na hati.

Sasa tuingie godauni. Mkaguzi wa bima anapotembea anajiuliza maswali mawili: moto unaweza kuanzia wapi, na ukishaanza nini kitauzuia usimalize kila kitu. Kwako swali la pili halina jibu, ndiyo maana ripoti ni ndefu. Sponji ya magodoro inatokana na mafuta ya petroli. Inashika moto kwa urahisi, inatoa joto kubwa ndani ya dakika chache, inayeyuka na kudondosha matone yanayowaka, na moshi wake una sumu ya kaboni monoksaidi na hidrojeni sianaidi. Gari la zimamoto likitoka mapema kiasi gani, kwenye mzigo uliofika hadi batini litakuta paa limeshaanza kujikunja. Kwa hiyo fedha yako ya kwanza iende kwenye kuzuia moto usianze, ya pili kwenye kuujua mapema, ya tatu kwenye kugawa mzigo ili moto mmoja usile wote.

Kuna mambo ambayo karibu hayahitaji fedha, nayo yafanyike wiki hii. Kubwa ni mlinzi. Magodauni huungua sana saa ambazo hakuna kazi, kwa sababu cheche ndogo inapata muda wa kukua bila mtu kuiona. Hata Soko la Kariakoo liliwaka usiku, tarehe 10 Julai 2021. Mlinzi anayelala ndani, juu ya godoro, na dawa ya mbu ya kuchoma pembeni, ni hatari kuliko kutokuwa na mlinzi. Koili moja inafukuta kwa muda wa saa nane hivi, na sponji haihitaji mwali mkubwa. Mtoe nje, mpe kibanda kilicho mbali na ukuta wa godauni, mita 10 ikiwezekana, mpe chandarua, tochi na simu yenye salio. Jiko la mkaa lisivuke geti. Kama nyuma ya godauni mna tabia ya kuchoma maboksi na nailoni, iishe leo, taka zipelekwe zinakokusanywa. Sigara nayo ipewe sehemu yake nje, yenye ndoo ya mchanga. Ukisema tu "marufuku" bila kuonyesha pa kuvutia, watu watavutia nyuma ya marobota.

Kisha umeme, ambao ndio unaostahili sehemu kubwa ya milioni zako 8. Cherehani ya kiwandani yenye mota ya wati 400, mara sita, ni wati 2,400. Gawanya kwa volti 230: unapata zaidi kidogo ya ampia 10, bila kuhesabu mota zinavyovuta zinapoanza kuzunguka, wala pasi. Ekstensheni nyembamba ya dukani, yenye waya wa milimita za mraba 0.75, inabeba ampia 6 hivi. Ikiwa cherehani zote zinapumulia ekstensheni moja, waya unachemka kila siku mchana, plastiki yake inakauka na kupasuka, na ikiwa imekunjwa au imefunikwa na vitambaa, joto halina pa kutokea. Fundi avute laini ya kudumu ya milimita za mraba 2.5 kwa ajili ya karakana, ndani ya bomba, yenye breka ya ampia 20 na soketi ukutani kwa kila cherehani. Kama una pasi, ipate laini yake.

Mwambie fundi aangalie kosa lililozoeleka mno kwenye paneli: breka ilikuwa inakatika mara kwa mara, mtu akaiondoa ya ampia 20 akaweka ya 32 bila kubadilisha waya. Breka imeacha kukatika, sasa waya ndio unaoungua badala yake. Ndugu wa kosa hilo ni kipande cha waya wa shaba kilichofungwa mahali pa fyuzi. Ukikuta mojawapo, usisubiri siku 30.

Ile kamera ya joto ilikuwa inatafuta viungio vilivyolegea. Skrubu ya paneli hulegea polepole kwa joto la mchana na ubaridi wa usiku, na ikilegea, mkondo unapita kwenye eneo dogo na kulichemsha. Linganisha fezi tatu zenye mzigo unaofanana: kiungio kimoja kikiwa moto kuliko wenzake kwa zaidi ya nyuzi joto 15, kirekebishwe mara moja. Omba picha hizo kwa kampuni, ni haki kuziomba, umpe fundi wako ajue aanzie wapi. Na fundi awe mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwenye kazi nzuri lakini hana karatasi hatakusaidia kitu siku utakapoulizwa nani aligusa paneli. Baada ya matengenezo kipimo kirudiwe mashine zote zikifanya kazi, maana kiungio kibovu hakionyeshi joto pasipo mkondo. Mbele ya paneli acha mita 1 wazi, na usiweke hata boksi moja chini yake.

Jambo la "kutenga umeme wa usiku" ndilo ningelipa kwanza. Maana yake ni hii: taa za nje, kamera za ulinzi na king'ora vipate laini ndogo ya peke yake, inayotoka kabla ya swichi kuu ya godauni. Jioni, anayefunga mlango anazima swichi kuu, na ndani hapabaki waya wenye umeme isipokuwa huo mmoja. Leo, nadhani, swichi kuu haizimwi kwa sababu ukiizima na taa za mlinzi zinazimika. Kazi ya fundi siku moja au mbili inaondoa chanzo cha moto kwa nusu ya masaa yote ya mwaka. Andika kwenye daftari la kufungia: saa, jina, "swichi kuu imezimwa". Daftari hilo litakutetea baadaye.

Taa: zile kubwa za globu zinazochelewa kuwaka zina joto kali, na globu ikipasuka inadondosha vipande vya moto. Weka za LED, zininginizwe juu ya njia, zisiwe juu ya mzigo. Kati ya taa yoyote na godoro la juu kabisa iwepo nusu mita au zaidi.

Hapo ndipo kimo cha mzigo kinapoingia. Najua kodi inauma. Lakini mzigo uliogusa bati unafanya mabaya matatu kwa pamoja: unagusa taa na nyaya, unaficha moshi usifike kwenye kigundua, na unaufikisha moto kwenye paa moja kwa moja. Shusha mpaka ibaki walau mita 1 chini ya mbao au vyuma vya kenchi. Acha nusu mita kati ya mzigo na kuta, mtu apite na tochi aone kinachoendelea nyuma. Ugawe mzigo kwenye mafungu yenye njia kuu ya mita 2.4 katikati, kuanzia mlango wa mbele hadi wa nyuma. Njia hiyo peke yake haitazuia moto wa sponji uliokwisha kushika. Inakupa muda, inawapa watu pa kukimbilia, na inawapa zimamoto pa kuingilia. Mlango wa nyuma ufunguke kutoka ndani bila ufunguo wakati watu wako kazini. Kama una kufuli la nje lenye ufunguo kwa meneja aliyekwenda benki, washonaji wako wamefungiwa na moto. Hilo halihusu bima tena, na halisubiri siku moja.

Kinachozuia moto wa sponji ni ukuta. Tofali la inchi 6, lijengwe hadi kugusa bati, matundu ya nyaya yazibwe kwa saruji, na mlango wa chuma unaojifunga. Ukuta unaoishia kwenye dari au kwenye kenchi ni kupoteza hela, moto unapita juu yake. Lakini jengo si lako na milioni 8 hazitatosha kila kitu, kwa hiyo uiambie kampuni hivyo na utoe mbadala. Mbadala mzuri ni kutenganisha mzigo: milioni 300 zikae jengo lingine, 600 zibaki Vingunguti. Kampuni inahesabu hasara kubwa kabisa inayoweza kuletwa na moto mmoja. Ukipunguza theluthi ya hesabu hiyo umewafanyia jambo ambalo hata ukuta usingelifanya vizuri zaidi. Ila angalia hapa, wengi wanakosea: mahali papya lazima paandikwe kwenye hati, na kiasi chake, KABLA mzigo haujahamia. Mzigo ulioungua kwenye anwani ambayo haimo kwenye hati hauna bima.

Karakana nayo ipewe ukuta kwanza kuliko sehemu nyingine yoyote, hata kama ni ukuta wa kuizungushia kona hiyo tu, kwa sababu hapo ndipo penye mota, pasi, watu na vumbi la nyuzi. Ukipata chumba cha nje au kontena uani, hamishia huko cherehani zote. Mpaka hapo, vumbi lifagiliwe kila jioni, likiwemo lililo chini ya mota, na vipande vya sponji vitolewe nje kabla ya kufunga. Kitambaa kinacholetwa karakana kiwe cha kazi ya siku hiyo.

Kibali cha kuchomelea kinaonekana ni urasimu, lakini kuchomelea ni kati ya vyanzo vya moto vinavyoogopwa zaidi na kampuni za bima, na mara nyingi anayekuja kuchomelea ni fundi wa mwenye nyumba, anayeziba paa au kurekebisha geti bila kujua ndani kuna nini. Mwandikie mwenye nyumba kwamba hakuna fundi anayewasha mashine ya kuchomelea au ya kukatia chuma bila karatasi yako. Karatasi ni ukurasa mmoja: kazi gani, wapi, saa ngapi, nani. Kwanza jaribu kukitoa kile kipande nje, au kufunga kwa bolti. Ikishindikana, mita 11 kila upande pasiwe na mzigo, maana cheche zinaruka na kubiringika mbali hivyo. Nyufa na matundu yafunikwe. Mtu asimame na mtungi wa kuzimia moto muda wote wa kazi, kisha abaki saa nzima baada ya kazi kuisha. Hiyo saa nzima ndiyo watu wanaikata. Cheche inaingia kati ya magodoro, inafukuta kimya, mafundi wameshaondoka, na mwali unatokea jioni. Kwa hiyo kazi za kuchomelea zisianze baada ya saa nane mchana.

Mitungi: kwa godauni la mita za mraba 600, mitatu ya maji ya lita 9 (iliyoandikwa 13A, alama ya uwezo wake wa kuzima moto, si ampia) ndiyo ya chini kabisa, pamoja na mmoja wa kaboni dayoksaidi karibu na paneli, kwa kuwa maji hayapelekwi kwenye umeme. Itundikwe karibu na milango, mkono wake ukiwa mita 1 kutoka sakafuni, mahali panapoonekana. Mtungi uliozibwa na marobota haupo. Ihudumiwe kila mwaka, na kila mwezi mtu wako aangalie kipimo cha presha na pini. Halafu wafundishe wafanyakazi wote, mlinzi kwanza, kwa kuwaachia watumie mmoja kweli uani. Mtungi wa unga wa kilo 6 unaisha kwa sekunde 20 hivi, na asiyejua hilo anaumalizia hewani. Kanuni yao iwe moja: mtungi mmoja ukiisha na moto haujazimika, kila mtu nje, mlango ufungwe nyuma yenu, namba 114 ya zimamoto ipigwe. Asirudi mtu kuokoa godoro. Moshi ule unamwangusha mtu kabla hajaona mwali.

Vigundua moshi, kwa mita 20 kwa 30 na paa la kawaida, sita vinatosha: kimoja kinahudumia duara lenye nusu kipenyo cha mita 7.5, kwa hiyo safu mbili za vitatu. Visikae karibu na karakana, vumbi litavifanya vilie ovyo hadi mtu avizime, na kilichozimwa ni kama hakikufungwa. Muhimu zaidi ni nani anasikia. Chagua mfumo wenye laini ya simu unaokupigia wewe, meneja na mlinzi, wenye betri yake, na uujaribu kila Jumatatu. Mfumo wa kunyunyizia maji kutoka darini uache kwa sasa. Kwa sponji iliyopangwa juu unahitaji maji mengi na hesabu ya mhandisi, na ulioungwaungwa haufanyi kazi. Tangi na mipira ya kuzimia ni ya mwakani: mipira miwili inatumia lita 60 kwa dakika, kwa hiyo tangi la lita 5,000 linakupa zaidi ya saa moja na dakika 20. Utakapoweka, pampu yake iunganishwe kabla ya swichi kuu, la sivyo mtakapokata umeme kwa ajili ya moto, maji nayo yanakatika.

Maji ya mvua nayaeleza kwa kifupi. Vingunguti iko jirani na bonde la Msimbazi, kwa hiyo kwanza hakikisha hati yako inataja mafuriko. Bima ya moto ya kawaida inabeba moto na radi, na mafuriko, dhoruba na vurugu huongezwa kwa maandishi. Waulize majirani maji yaliwahi kufika wapi, weka alama ukutani, na chaga ziwe juu ya alama hiyo kwa sentimita 15. Pasipowahi kuingia maji, chaga za sentimita 15 zatosha. Mifereji ya paa isafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli. Bati lililotoboka kwa kutu ni uchakavu, na uchakavu haufidiwi.

Sasa jambo ambalo pengine halipo kati ya yale 17 na linaweza kukugharimu kuliko yote. Milioni 900 ulizipataje? Kama ni mzigo wa siku ya kawaida, na Desemba unajaza hadi bilioni 1.2 kwa ajili ya Januari, moto wa Desemba utakukuta umejikatia bima pungufu. Kampuni itatumia kanuni ya uwiano: milioni 900 kwa 1,200 ni robo tatu. Ukipoteza milioni 300, utalipwa 225, kisha wanatoa kile kiasi cha kwanza ambacho kila mwenye bima hubeba mwenyewe. Omba bima ya kutangaza thamani ya mzigo kila mwezi, au ongeza kiasi kwa miezi ya kujaza, na fanya hivyo kabla kontena halijashuka. Thamani unayoandika ni ya kununulia na kufikisha mzigo godauni, si bei ya dukani.

Siku ya hasara, mkadiriaji atahesabu hivi: mzigo uliohesabiwa mara ya mwisho, jumlisha manunuzi, toa gharama ya vilivyouzwa. Asipopata karatasi za sehemu hizo tatu, atakadiria, na makadirio hayatakupendelea. Hesabu mzigo kila mwisho wa mwezi, piga picha kila fungu, na nakala za ankara, hati za forodha na ripoti za mashine ya EFD zikae dukani au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Daftari lililoungua pamoja na mzigo limekuongezea hasara.

Na hiyo bima ya moto inalipa magodoro tu. Kodi, mishahara ya washonaji na wateja waliohamia kwa mwingine haivigusi. Kwa hivyo kuna bima ya kusimama kwa biashara, inayolipa faida uliyokosa na gharama zinazoendelea. Ukiichukua, muda wa kulipwa usiwe miezi mitatu. Chagua kumi na miwili, maana kutafuta jengo, kuagiza na kurudisha wateja hakuishi kwa msimu mmoja.

Barua yako ya kujibu ripoti iandike kwa namba zilezile za mkaguzi. Kwa mfano: "Na. 4, taa juu ya mzigo: imekamilika, picha na risiti ya fundi vimeambatishwa. Na. 9, vigundua moshi: vitafungwa kabla ya 30 Novemba, makadirio ya fundi yameambatishwa. Na. 14, ukuta wa kugawa godauni: hatuwezi, jengo ni la kupanga na mwenye nyumba hajaridhia; badala yake tunahamishia theluthi moja ya mzigo mahali pengine, tunaomba anwani hiyo iongezwe kwenye hati." Kamwe usiandike "imekamilika" wakati haijakamilika. Jambo ambalo hujalifanya na umelisema, mnaweza kujadiliana. Uongo ulioandikwa na kusainiwa unavunja bima nzima. Vivyo hivyo, ukibadilisha kitu chochote kikubwa, kama kufunga betri za sola, kuongeza cherehani au kuanza kuuza gundi na thina, wajulishe kabla. Mkishindwa kuelewana kuhusu madai siku za mbele, malalamiko yanapokelewa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, nao watataka kuona barua hizo.

Kuhusu ada: haitashuka yenyewe. Mwaka 1835, huko Rhode Island nchini Marekani, mwenye kiwanda cha nguo Zachariah Allen alikiimarisha kiwanda chake dhidi ya moto kisha akaomba ada ipunguzwe. Alipokataliwa, aliungana na wenye viwanda wenzake wakaanzisha bima yao ya pamoja, na kiwanda cha kuingia humo kilikaguliwa kwanza. Kampuni za leo zina nafasi ya kupunguza, ila anayepunguza ni mtu wa ofisini ambaye hajaliona godauni lako. Siku 60 kabla ya bima kuisha, mpelekee picha za kabla na baada, cheti cha fundi umeme, risiti za huduma ya mitungi, kurasa za daftari la kufungia na orodha ya waliofundishwa, kisha omba mkaguzi yuleyule arudi. Uliza pia ada itakuwaje ukikubali kubeba mwenyewe kiasi kikubwa zaidi cha kwanza. Kwa mtu aliyeshusha hatari yake, mara nyingi hesabu hiyo inalipa. Wakikataa vyote, mwambie dalali wako achukue ripoti mpya na ushahidi huo aombe bei kwa kampuni nyingine tatu.

Kwa mpangilio wa fedha: mlinzi, mlango wa nyuma, njia na kimo cha mzigo wiki hii, karibu bila gharama. Paneli, laini ya karakana, laini ya usiku na taa ndani ya zile siku 30. Mitungi na mafunzo mwezi huohuo. Vigundua moshi kwa kinachobaki, kabla ya shehena ya Desemba kuingia.